Je, Wajua? Laini Uliyomsajilia Ndugu Huandika Historia Yako ya Mkopo

Mfanyabiashara wa mifugo mjini Garissa huenda hana kadi ya mkopo, lakini akishakopa kwa simu, ana alama ya mkopo.

• Kenya ina kampuni tatu za taarifa za mikopo (CRB) zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Metropol hutoa alama kati ya 200 na 900. Zikipanda, unaaminika zaidi.

• Deni hufuata kitambulisho. Kwa miaka mingi, vijana wa Garissa, Wajir na Mandera walicheleweshewa vitambulisho na mchujo maalumu wa waombaji, uliofutwa kwa tangazo la Rais mnamo Februari 2025. Ukimsajilia binamu asiye na kitambulisho laini kwa kitambulisho chako, akakopa M-Shwari (huduma ya mikopo kwa simu) asilipe, mdaiwa ni wewe.

• Kuomba mikopo mingi kwa muda mfupi huweza kushusha alama.

• Benki za Kiislamu nazo hupeleka taarifa CRB. Murabaha (mauzo ya awamu yenye faida iliyokubaliwa) haina riba, lakini awamu zilizocheleweshwa hurekodiwa.

• Taarifa ya kushindwa kulipa hubaki miaka 5 baada ya deni kumalizwa.

• Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Ukikuta deni usilolijua, lipinge kwa maandishi.

Kumsaidia ndugu ni jambo jema. Basi msaidie apate kitambulisho chake, asajili laini yake, ajenge jina lake.