Macho yakififia, usikimbilie programu ya bei ghali

Karani mmoja wa umri wa makamo alikuja kuniona hapa Isiolo akiwa na karatasi mbili mfukoni. Moja ilikuwa barua ya kujiuzulu. Ya pili ilikuwa orodha ya bei za programu ya kompyuta inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti. Jamaa zake walikuwa tayari kuuza ng'ombe ili anunuliwe toleo la bei ya juu, wakiamini kwamba ndilo lingemsomea vizuri zaidi. Nilimsihi asiharakishe jambo lolote kati ya hayo mawili.

Je, macho yanatibika?

Hili ndilo swali la kwanza. Mtu mwenye mtoto wa jicho hahitaji programu. Anahitaji upasuaji, na wengi huona tena baada ya kufanyiwa. Glakoma ni tofauti. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, mara nyingi bila maumivu, na uwezo wa kuona uliopotea haurudi. Dawa za matone au upasuaji huokoa kile kilichosalia. Karani huyu alikuwa na glakoma, kwa hivyo ilimbidi ajifunze kufanya kazi kwa masikio huku akiendelea na matone yake kila siku.

Programu hizi hufanyaje kazi?

Programu husoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini: barua, majina ya faili, hata herufi unayoibonyeza. Mtumiaji huvaa visikizio na kuiongoza kompyuta kwa kibodi pekee, bila kipanya. Maarufu zaidi kati ya zile zinazouzwa ni JAWS, iliyoanzishwa Marekani na Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepofuka katika ajali ya gari mwaka wa 1978.

Tofauti ya matoleo

JAWS huuzwa kwa matoleo mawili makuu. La kwanza zamani liliitwa la kawaida, na siku hizi huitwa la nyumbani. La pili ni la kitaalamu, nalo ni ghali zaidi. Watu wengi hukosea hapa. Toleo la kitaalamu halina sauti tamu zaidi, wala halisomi barua kwa usahihi zaidi. Tofauti kubwa iko kwenye leseni, yaani ruhusa ya matumizi. La nyumbani ni la mambo ya kibinafsi, si la biashara wala ofisi. La kitaalamu huruhusiwa kazini, na ndilo linaloweza kuongezewa ruhusa ya kusoma kompyuta nyingine iliyo mbali, kwa mfano pale mfanyakazi wa Isiolo anapofungua kumbukumbu zilizohifadhiwa Nairobi.

Kwa hivyo usiulize lipi ni bora. Uliza: nitalitumia wapi, na kwa kazi gani?

Zisizolipiwa

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jaribu NVDA. Ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, na hutolewa bure, hata kwa matumizi ya ofisini. Ina pia sauti ya Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu kama ya mashine, lakini sikio huizoea. Kompyuta za Windows huja na msomaji wake, Narrator, na simu nyingi za Android zina TalkBack. JAWS yenyewe hufanya kazi kwa dakika 40 bila leseni, kisha hukulazimu kuwasha kompyuta upya. Hizo zatosha kuijaribu.

Nani alipe?

Kazi ya karani wetu ilikuwa ya ofisi, na kumbukumbu zake zilikuwa mbali. Kumbe toleo la kitaalamu ndilo lililomfaa iwapo NVDA ingeshindwa kusoma mfumo wa ofisi yake. Lakini hilo ni jambo la kuzungumza na mwajiri kabla ya kuuza mifugo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha.

Ushauri wangu ni huu. Pimwa macho mapema, hasa ukiwa umepita miaka 40 au kama kuna mwenye glakoma katika ukoo wenu. Ukiambiwa haitarudi, jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utahitaji ripoti ya daktari. Anza kujifunza kibodi ungali unaona kidogo, kwani mazoezi ya miezi michache yatakusaidia kuliko toleo lolote ghali. Na barua ya kujiuzulu, iache nyumbani.