Mwaridi Usio na Jina na Jinsi ya Kuutambua

Katika kaunti za Meru na Embu, penye nyumba za zamani za misheni na za maofisa wa serikali, si ajabu kukuta mwaridi mkubwa ambao aliyeupanda amekwisha kwenda zake, wala hakuacha maandishi. Nyumba kama hizo zinapobomolewa, miwaridi hung'olewa pamoja na mawe ya msingi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwaridi nao ni mali.

Yafaa tujue kwanza kwamba hakuna mwaridi ulio wa asili ya Mlima Kenya. Mwaridi wa mwitu wa Afrika yenye joto, Rosa abyssinica, huota Uhabeshi na nchi zilizo jirani nayo. Kwa hiyo kila mwaridi wa bustani huku kwetu uliletwa na mtu, na kitu kilicholetwa kina tarehe yake. Waridi liitwalo Peace, la manjano lenye wekundu hafifu ukingoni, lilipewa jina hilo mwaka 1945. Queen Elizabeth lilitolewa Marekani mwaka 1954. Basi mzee akishuhudia kwamba mwaridi ulikuwapo mahali pake kabla ya Vita vya 1939, hauwezi kuwa mmoja wa hiyo miwili, hata ukifanana nayo namna gani. Tena waridi moja huweza kuwa na majina mengi. Peace huitwa Madame A. Meilland kwa Wafaransa, na Gloria Dei kwa Wajerumani. Wanaobishana juu ya jina pengine wote wamesema kweli.

Baada ya tarehe, chunguza mwili wa mti. Rangi peke yake hudanganya, kwa maana jua, baridi na umri wa ua huigeuza. Tazama miiba, kama imenyooka au imepinda. Hesabu majani ya ua, kama ni matano au ni mengi. Nusa asubuhi kabla jua halijawa kali. Andika kama mti huchanua mara moja kwa mwaka au kila wakati, na kama huzaa matunda. Mwisho tazama vijani viwili vidogo vilivyoshikamana na shina la jani: vikiwa na nyuzinyuzi kama ncha za mkeka, mti huo yaelekea una damu ya Rosa multiflora wa Japani.

Jambo hili la mwisho lina faida kubwa. Miwaridi mingi inayouzwa huunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Katika Kenya hutumiwa sana ule uitwao Natal Briar. Sehemu ya juu ikifa, shina la chini huchipua na kutawala. Mwenye bustani husema waridi lake limebadilika, kumbe lile alilolinunua limekufa, naye anautilia samadi mti mwingine kabisa. Fukua udongo kidogo: chipukizi likitoka chini ya kifundo cha kuungia, si la waridi ulilonunua.

Anayetaka msaada zaidi na akaushe tawi lenye ua na majani kati ya karatasi za gazeti, aandike mahali, tarehe na rangi ya ua bichi, kisha aulize East African Herbarium iliyoko Nairobi. Wataalamu wataweza kumwambia ukoo wa mti. Jina la aina ya bustani ni gumu zaidi. Lisipopatikana, heri kuuita kwa mahali ulipotoka kuliko kuubunia jina. Mwenye kuuza miche kwa jina la uongo humdhulumu mnunuzi. Tena aina mpya, kama nyingi zilimwazo Timau, huweza kulindwa na Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea. Kuzizalisha kwa biashara pasipo idhini ya mwenyewe ni kosa.

Basi kabla ya shoka kufika, kata vijiti vyenye urefu wa penseli kutoka tawi lililokwisha kuchanua, vipande kivulini katika udongo wenye mchanga, na uwaulize wazee nani aliupanda mti huo. Kijiti huweza kukatwa tena mwaka ujao mti ukiwapo. Lakini mzee akifariki, habari yake haichipui.