Je, Wajua? Herufi za Kesho Zilizosubiwa Juzi

Je, wajua kwamba ile herufi nene, pana, yenye pembe zilizolainishwa, inayojitokeza kwenye filamu kila chombo cha anga kinapokatiza, ilizaliwa miaka 5 kabla ya Sputnik kuruka? Ilitoka mwaka 1952 mjini Torino, Italia, katika kiwanda cha kusubu herufi cha Nebiolo. Walioichora ni Alessandro Butti na Aldo Novarese. Wakaiita Microgramma.

Jina hilo lina mizizi ya Kigiriki: "dogo" na "andiko". Andiko dogo likaishia ubavuni mwa merikebu za anga za Star Trek, kubwa kuliko mlango wa nyumba.

Je, wajua kwamba Microgramma haikuwa na herufi ndogo hata moja? Mteja aliyetaka kuandika sentensi ya kawaida aliambulia herufi kubwa tu, kama mtu anayepiga kelele kwenye simu. Novarese aliziba pengo hilo mwaka 1962 alipotoa Eurostile: umbo lile lile, safari hii na herufi ndogo zake.

Hebu itazame O yake. Si duara, si mraba, wala si duaradufu tuliyochora shuleni. Chukua mraba, uupulize kama puto mpaka mbavu zitune kidogo na pembe zilainike, kisha uache hapo hapo kabla haujawa duara. Mfaransa Gabriel Lamé aliliandikia fomula umbo la namna hiyo tangu karne ya 19, na Piet Hein wa Denmark akalipa umaarufu alipolipendekeza kwa uwanja wa katikati ya jiji la Stockholm. Lakini mimi nikiitazama O hiyo sioni hisabati. Naona kioo cha TV ya chogo. Mwaka 1952 hakukuwa na kitu cha kisasa kuliko hicho sebuleni, na aliyetaka kuiwaza kesho aliiwaza kwa umbo la kioo kile. TV za chogo zimekwenda kwa mafundi na hazikurudi. Herufi imebaki, na bado tunaiita ya kesho!

Je, wajua kwamba mbavu hizo zilizotuna nusura zipotee? Herufi zilipohama kutoka kwenye risasi kuingia kwenye kompyuta, mikunjo yake ilinyooshwa, na O ikawa kama boksi la viatu lililosuguliwa pembe. Mjapani Akira Kobayashi wa kampuni ya Linotype ndiye aliyeirudishia tumbo lake katika toleo liitwalo Eurostile Next.

Stanley Kubrick aliitumia Eurostile ndani ya vyombo vya anga vya 2001: A Space Odyssey, filamu ya mwaka 1968. Jina la filamu kwenye skrini, hata hivyo, limeandikwa kwa Gill Sans, herufi ya Mwingereza Eric Gill ya miaka ya 1920. Na zile sifuri mbili za 2001? Zikague vizuri: ni O mbili.

Yupo mtu aliyeandika kitabu kizima kuhusu mambo haya. Dave Addey alitoa Typeset in the Future mwaka 2018. Huyu wakati wenzake wanatazama nani atamezwa na jini la anga, yeye anasimamisha filamu asome kibao cha mlangoni.

Je, wajua kwamba herufi iliyofika mwezini kweli ni nyingine kabisa? Kibao kilichoachwa na Apollo 11, Julai 1969, kimechorwa kwa Futura ya Mjerumani Paul Renner. Futura ilitoka mwaka 1927, na O yake inakaribia duara la bikari. Renner mwenyewe kesho yake ilimjia vibaya: mwaka 1933 Wanazi walimkamata, na akapoteza kazi yake ya ualimu mjini Munich.

Shirika la NASA lilipata nembo mpya mwaka 1975, kazi ya Richard Danne na Bruce Blackburn: mistari minene myekundu inayojipinda bila kukatika, na A mbili zisizo na kijiti cha katikati. Wakubwa wa shirika walinung'unikia kukosekana kwa vijiti hivyo. Waliochoka nayo waliibandika jina la "mnyoo". Ikafukuzwa mwaka 1992, na mwaka 2020 ikarudishwa, ikapakwa kwenye roketi.

Je, wajua kwamba zile tarakimu za ajabu chini ya hundi, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, hazikuchorwa kwa ajili ya macho yako? Ni za mashine. Zinapigwa chapa kwa wino wenye sumaku, na unene umewekwa mahali tofauti kwa kila tarakimu ili mashine isichanganye 3 na 8. Mfumo wote una alama 14 tu: tarakimu 10 na ishara 4. Herufi za alfabeti hazimo. Wachoraji wa miaka ya 1960 ndio walioziongeza, wakiigiza uvimbe ule ule, na ghafla kila kitu kilichohusu kompyuta kikaandikwa kama hundi.

Mwaka 1967 Mholanzi Wim Crouwel alichora alfabeti ya mistari ya wima na ya mlalo peke yake, kwa sababu mashine za kuchapa za skrini za wakati huo ziliharibu mikunjo. Kuisoma ni kama kufumbua fumbo. Kwake lilikuwa jaribio tu, lakini mwaka 1988 ilitokea kwenye jalada la Substance, santuri ya bendi ya Joy Division.

Na je, wajua kwamba Kiswahili sanifu hakitumii Q wala X, na C haitoki nyumbani bila H? Mchoraji aliyekesha akisawazisha mkia wa Q, jasho lake sisi hatujalilipa bado, labda siku tunapokata tiketi ya Qatar.