Kasese: Ushairi unamsaidiaje kijana aliyefiwa?

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa kundi la ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha mjini Mpondwe, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto, na baadhi ya miili ilihitaji vipimo vya vinasaba ili itambuliwe. Miezi minne baadaye, watalii wawili na mwongozaji wao Mganda waliuawa katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliko rasi ya Mweya.

Katika msiba wa namna hii, wazee hukaa matangani, hupokea rambirambi na kushauriana juu ya mazishi. Kijana wa miaka 15 aliyempoteza kaka yake hutumwa kuteka maji na kupanga viti, kisha huambiwa ajikaze. Huzuni yake haiulizwi. Ndiyo maana baadhi ya vijana hukimbilia daftari.

Mwaka 1986, wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti uliowataka wanafunzi wa chuo kuandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, juu ya mambo yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika walihuzunika zaidi. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ipo, ingawa si kubwa, wala haimfikii kila mtu.

Ushairi huongeza jambo moja: mipaka. Mstari wa utenzi una mizani 8 tu. Anayetaka kusema yote hulazimika kuchagua neno moja, na katika kulitafuta, maumivu yasiyo na umbo hupata kipimo. Waswahili walilijua hili zamani. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, Amina, alimtungia shairi la maombolezo.

Lugha nayo si jambo dogo. Bwera, nyumbani ni Lukhonzo, darasani Kiingereza, sokoni mpakani Kiswahili. Mwalimu anayedai shairi la msiba liwe la Kiingereza sanifu hupata insha, si kilio. Afadhali kijana aandike kwa lugha aliyobembelezewa, hata akichanganya.

Daftari hilo ni siri ya mwenyewe. Halisahihishwi wala halisomwi bila ridhaa yake. Lakini kijana asiyelala kwa majuma, aliyeacha kula, au anayesema kwamba angependa kumfuata marehemu, asiachwe peke yake na kalamu: apelekwe hospitalini au kwa mshauri nasaha siku hiyo hiyo, akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini.