Juu ya Kupotea kwa Pakiti katika Redio ya Programu, pamoja na Uchunguzi wa Istilahi Zake

Neno *pakiti*, lilivyoingia katika Kiswahili cha mafundi wa redio na kompyuta, lachukua maana mbili ambazo hazina budi kutengwa. Mtu asemapo kwamba “pakiti zinapotea”, msikilizaji hawezi kujua kama hasara imetokea hewani, katika safari ya mawimbi, au mezani, katika waya uunganishao chombo cha redio na kompyuta. Dawa ya hasara moja haiponyi nyingine. Makala hii yakusudia kueleza hasara hizo mbili, namna ya kuzitambua, na maneno yafaayo kuzitenga.

Redio ya programu ni nini

Katika redio ya zamani, kazi ya kuchagua masafa, kuchuja mawimbi na kufumbua sauti ilifanywa na koili, kapasita na vyombo vinginevyo vya umeme. Katika redio ya programu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Chombo cha redio hupima wimbi mara nyingi sana katika kila sekunde. Kila kipimo huitwa *sampuli*, na sampuli hukusanywa pamoja na kupelekwa kwa kompyuta kwa njia ya waya. Jina la redio ya namna hii lilienezwa na mhandisi Joseph Mitola wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na programu ya GNU Radio, iliyotolewa mwaka 2001, iliifikisha kazi hiyo kwa watu wengi.

Wingi wa sampuli ndio asili ya taabu. Sampuli moja ikichukua biti 32, sampuli milioni 25 kwa sekunde zadai biti milioni 800 kwa sekunde. Na waya wa mtandao ulio wa kawaida huchukua biti milioni 1,000 tu. Nafasi iliyosalia ni ndogo, na kompyuta ikizubaa hata kwa kitambo kidogo, hasara hutokea.

Mfano wa jani la chai

Mponde, katika Wilaya ya Lushoto, ni mahali pa kilimo cha chai, na mwendo wa jani bichi kutoka shambani hata kiwandani wafaa kulifafanua jambo hili. Jani likishachumwa halingoji: lapasa kufika kiwandani mapema, lipate nafasi ya kutandazwa, ama liharibike. Sampuli nazo hazingoji.

Redio inapopokea, chombo cha redio ni kama shamba na kompyuta ni kama kiwanda. Redio inapotuma, mambo hugeuka: kompyuta ndiyo shamba, na chombo cha redio ndicho kiwanda kisichotakiwa kusimama. Programu iitwayo UHD, ambayo huendesha vyombo vya aina ya USRP, hutangaza hasara kwa kuandika herufi moja moja, na kila herufi ina maana yake:

*O* — kufurika. Jani limefika, lakini kiwanda hakikuwahi kulipokea. Ghala imejaa, na lililozidi limetupwa.

*D* — kupotea njiani. Magari yamepewa namba. La tano limefika, kisha la saba, na la sita halikuonekana.

*U* — kukaukiwa. Mitambo ya kiwanda yazunguka, lakini jani halikuletwa kwa wakati.

*L* — kuchelewa. Jani limefika, ila saa yake imekwisha pita.

Herufi hizi zote zahusu waya na kompyuta. Hata moja haisemi neno juu ya hewa.

Hasara ya hewani

Ujumbe urushwao hewani nao hugawanywa katika pakiti, na kila pakiti hubeba tarakimu za hakiki ambazo mpokeaji huzitumia kujua kama imefika salama. Ikiharibika hutupwa. Katika nchi ya milima kama Usambara sababu za uharibifu ni nyingi. Mgongo wa mlima ukisimama kati ya mtumaji na mpokeaji huweka kivuli. Wimbi la megahezi 100, lenye urefu wa mita 3, hupinda na kuvuka ukingo kwa urahisi kuliko wimbi la gigahezi 2.4, ambalo urefu wake ni sentimita 12.5 tu. Tena, miteremko hurudisha wimbi kwa njia mbalimbali, na mwangwi huo ukifika baada ya wimbi la kwanza huweza kulivuruga. Ukungu, ambao watu wengi huulaumu, hauna nguvu kubwa katika masafa yaliyo chini ya gigahezi 10. Majani ya miti yaliyolowa maji ndiyo yenye kudhuru zaidi.

Namna ya kutambua

Hatari iko hapa: sampuli zikipotea mezani, pakiti ya ujumbe iliyokuwa ndani yake huharibika pia, na mwenye redio hudhani kwamba hewa ndiyo yenye kosa. Huenda akapandisha antena kilimani bila faida yoyote.

Kwa hiyo uchunguzi waanza mezani. Kwanza, katika kupokea, antena iondolewe. Herufi za hasara zikiendelea kuandikwa, hewa haina hatia. Pili, idadi ya sampuli kwa sekunde ipunguzwe. Herufi zikikoma, kompyuta au waya ulikuwa umezidiwa, na tiba ni kuongeza ghala ya muda, kuiacha prosesa ifanye kazi kwa kasi yake yote, au kutumia waya ulio bora. Vipokezi vidogo vya televisheni, vilivyoanza kutumiwa kama redio ya programu mwaka 2012, mara nyingi hupoteza sampuli vikizidishwa kupita milioni 2.4 hivi kwa sekunde. Tatu, ikiwa hakuna herufi hata moja, na tarakimu za hakiki bado zakataa, hapo ndipo antena, nguvu na masafa yachunguzwe.

Istilahi

Yafaa basi neno *pakiti* libakie kwa ujumbe wa hewani, ambao umefungwa na hufumbuliwa na mpokeaji wake. Kwa sampuli za waya lafaa neno *fungu*, ambalo katika Kiswahili ni mkusanyo wa vitu vya namna moja, kama fungu la nyanya sokoni. Huenda ikapingwa kwamba fungu la sampuli nalo lina namba ya mfuatano kama pakiti. Ni kweli, lakini namba hiyo ni ya kuhesabia tu, wala haionyeshi maana ya vilivyomo. Pamoja na hayo, *kufurika*, *kukaukiwa* na *kuchelewa* ni maneno yaliyomo tayari katika lugha, na hakuna haja ya kukopa mengine. Mtu asemapo “mafungu yafurika” amekwisha mwonyesha fundi pa kuanzia. Asemapo “pakiti zapotea hewani”, amemwelekeza kwenye antena.