Kabla Hujabonyeza "Nakubali" kwa Apu ya Mkopo

Karo inadaiwa kesho, mfukoni hakuna kitu. Unapakua apu ya mkopo, inakuletea masharti marefu, unateremka hadi chini bila kusoma na kubonyeza "Nakubali". Wengi hudhani wamekubali riba na siku ya kulipa tu. Kumbe huenda pia umeruhusu apu isome namba zote ulizohifadhi kwenye simu.

Hebu jiulize: namba ya mwalimu wa mtoto, ya bosi, ya mama mkwe, ni zako kugawa? Wao hawajakopa chochote. Lakini ukichelewa kulipa, wao ndio watakaopigiwa na kuambiwa una deni.

Sheria haikubali mchezo huo. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha mteja au kusumbua watu walio kwenye simu yake. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza mkopeshaji mmoja faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Google nayo, tangu Mei 2023, hairuhusu apu za mikopo ya kibinafsi kwenye Play Store kusoma namba wala picha zako. Kwa hivyo ukitumiwa linki ya kupakua apu nje ya Play Store, shtuka.

Fanya hivi:

1. Angalia kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni.
2. Kwenye masharti, tafuta sehemu inayosema ni data gani inachukuliwa na nani atapewa.
3. Ingia kwenye mipangilio ya simu uzime ruhusa ya namba, picha na SMS.
4. Kufuta apu hakufuti data iliyokwisha chukuliwa. Mwandikie mkopeshaji uondoe idhini yako na uombe data isiyohitajika ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki hiyo, hata kama ulishabonyeza "Nakubali". Deni lako bado utalilipa.
5. Akikataa, peleka malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Na kama jamaa yako anapigiwa simu kwa deni lako, mwambie naye anaweza kulalamika. Namba ni yake.