Mudende: Askari Anapoyaacha Mazoea Yake

Askari hufundishwa mazoea tangu siku yake ya kwanza kambini. Huamshwa saa ile ile, hutandika kitanda kwa namna ile ile, huifungua bunduki yake na kuifunga tena mpaka mikono ikaijua kazi hiyo gizani bila ya kuyauliza macho. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Risasi zinapolia hakuna nafasi ya kufikiri kidole kiwekwe wapi, na aliyerudia mazoezi mara mia ndiye anayesalimika. Lakini mazoea hayo hayo, yakisha kuutawala mwili, huanza polepole kuitawala na akili. Hapo ndipo tunapomwona askari hodari kabisa akikwepa kozi, akililia uhamisho ufutwe, au akimchukia ofisa mpya kwa kosa moja tu, nalo ni kubadili zamu.

Kila kambi na kila kituo kina mtu wa namna hiyo. Amekaa lindo moja miaka kumi, anajua kila jiwe la njia yake ya doria, na wadogo zake humwamkia kwa heshima. Mwite katika darasa la lugha ngeni, akae benchi moja na makuruta waliotoka shuleni juzi, na utamwona akitafuta cheti cha daktari. Si mvivu mtu huyu, wala si mwoga, kwani huenda alikwisha kupita chini ya mizinga. Anachokiogopa ni kukosea mbele ya wadogo zake. Cheo kimekuwa nyumba yake, na nje ya nyumba hiyo anajiona yu uchi.

Tumependa leo kuwachukua ndugu zetu wa majeshi na wa polisi hadi Mudende, katika wilaya ya Rubavu, upande ule wa kaskazini-magharibi mwa Rwanda ambao wengi bado wanauita Gisenyi. Ni nchi ya juu yenye baridi, udongo wake ni mweusi wa volkano, na wenyeji wake hulima viazi na kufuga ng'ombe. Mpaka wa Kongo hauko mbali. Jirani yake ni Bigogwe, jina ambalo askari wa nchi ile wanalijua vizuri, kwa kuwa tangu zamani palikuwa na kituo cha kuwafundishia makomando. Waliopita pale walifunzwa kupanda, kuruka na kulala na njaa, na mafunzo hayo yana thamani yake. Hata hivyo, mambo yaliyotokea katika eneo hili yalidai kwa askari ugumu wa aina nyingine, ambao haufundishwi kwa kamba na miamba.

Mwaka 1984 Waadventista walifungua chuo kikuu Mudende, wakakusanya vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika ya Kati. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, Watutsi waliokimbilia chuoni hapo wakauawa. Chuo kilihamia Kigali, ambako kinaendelea hadi leo, na mahali kilipokuwa pakawa kambi ya wakimbizi: Watutsi wa Kongo waliofukuzwa Masisi na sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini. Kambi hiyo haikupata amani. Agosti 1997 ilivamiwa usiku, wakauawa watu zaidi ya mia moja. Desemba mwaka huo huo ikavamiwa mara ya pili, na mara hiyo waliouawa walikuwa wengi zaidi. Wavamizi walikuwa wale waasi walioitwa na wenyeji abacengezi, yaani wapenyezaji, ambao kiini chao kilikuwa askari wa jeshi la zamani la Rwanda na wanamgambo waliokimbilia Kongo mwaka 1994.

Tunayaeleza haya si kwa kupenda kutonesha vidonda. Bila ya kuyajua, msomaji hawezi kupima uzito wa jambo lililokuwa likitendeka wakati ule ule katika jeshi la nchi hiyo. Tangu mwaka 1995, askari wa jeshi la zamani waliokuwa wamerudi nyumbani au kubaki, na ambao walionekana kufaa, walikuwa wakiingizwa katika jeshi jipya, yaani jeshi lile lile lililowashinda. Walipitia kwanza mafunzo ya pamoja yaitwayo ingando, kisha wakapewa sare, silaha na kazi. Hebu mfikirie askari wa pande zote mbili, kila mmoja akilala hatua chache kutoka kwa mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akimtafuta kwa darubini ya bunduki. Huku ndiko tunakokuita kuacha mazoea. Kubadili mahali ni jambo dogo ukilinganisha na kubadili jibu la swali hili: adui yangu ni nani?

Mmoja wa walioingia katika njia hiyo alikuwa Marcel Gatsinzi. Aprili 1994 alikuwa akiongoza chuo cha maofisa wadogo kule Butare, akateuliwa kuwa mkuu wa jeshi la serikali ya wakati ule, na kabla ya majuma mawili kwisha akaondolewa. Mwaka 1995 akaingia katika jeshi jipya. Baadaye akaiongoza Jandarmeri, na kuanzia mwaka 2002 hadi 2010 akawa Waziri wa Ulinzi. Alifariki mwaka 2023. Mtu anaweza kusema kwamba mkubwa hapotezi kitu, kwani huvua nyota huku na kuzivaa kule. Sisi hatuoni hivyo. Ofisa aliyekwisha kuwa juu kabisa, akakubali kuanza tena mbele ya watu wenye kila sababu ya kumtilia shaka, amekubali kuangaliwa kila neno lake na kila kimya chake, miaka mingi, bila ya haki ya kulalamika.

Habari ya Paul Rwarakabije ni ngumu zaidi kuieleza, na ndiyo maana tutakaa nayo kidogo. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi la zamani, akavuka kwenda Kongo, akapigana dhidi ya serikali ya Kigali, mpaka akawa kamanda wa majeshi ya FDLR yaliyokaa katika misitu ya Kivu. Novemba 2003, baada ya mazungumzo na mkuu wa majeshi ya Rwanda wa wakati ule, James Kabarebe, alivuka mpaka kurudi kwao pamoja na wapiganaji wapatao mia moja.

Maisha ya msituni ni ya taabu, na msomaji atauliza ni raha gani aliyoiacha. Raha ipo, nayo ndiyo hatari. Mtu aliyezoea vita hupata ndani yake starehe ya namna yake: maagizo yake husikilizwa, adui yake anajulikana, na kila taabu ina mtu wa kulaumiwa upande wa pili wa mpaka. Akirudi nyumbani hupoteza hayo yote siku moja. Lazima apange foleni, atafute kitambulisho, akutane sokoni na watu walioumizwa, tena bila bunduki begani. Ndiyo sababu wapiganaji wengi walibaki msituni, wengine wakazeekea huko, ilhali mlango ulikuwa wazi.

Rwanda ilijenga njia ya kuwapitisha watu hao. Katika kambi ya Mutobo, kwenye wilaya ya Musanze, wapiganaji wanaorejea hupokewa, hupimwa afya, hufundishwa habari za nchi yao walivyoiacha na ilivyo sasa, hupewa vitambulisho na mafunzo ya kazi, kisha hurudi vijijini. Tunaona busara katika mpango huo, kwa kuwa unatambua kwamba mtu hatoki katika mazoea kwa hotuba moja. Anahitaji muda, mahali pa kukosea bila kuchekwa, na watu waliokwisha kupita njia ile ile kabla yake. Rwarakabije mwenyewe aliwekwa katika tume ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kawaida, na mwaka 2011 akawa mkuu wa Idara ya Magereza, kazi aliyoishika hadi 2016. Kamanda wa msituni akawa mtu wa kuhesabu magodoro, chakula na dawa za wafungwa, ambao wengi wao walifungwa kwa makosa ya mwaka 1994.

Wako watakaosema kwamba aliyepigana upande ule hakustahili kazi yoyote. Hatutabishana nao, hasa wakiwa ni watu waliofiwa. Tena tuseme wazi: aliyetakiwa kuacha mengi zaidi si jenerali anayerudi, bali jirani anayempokea.

Tukiacha vita, liko jambo la kila siku linalowahusu polisi moja kwa moja. Mpelelezi hufundishwa kuuliza kwa haraka na kwa ukali, kumtegea mtu maneno, kutoamini machozi. Kwa mwizi wa ng'ombe namna hiyo hufaa. Lakini mwaka 2009 ilipofunguliwa Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, mjini Kigali, ambako mwanamke au mtoto aliyedhulumiwa kimwili hupata mahali pamoja daktari, mshauri na mpelelezi, askari aliyepangwa kufanya kazi pale ilimbidi ajifunze kunyamaza. Ilimbidi akae chini, asiketi nyuma ya meza kubwa, aache kumbukumbu yake ya kesi na amngojee mtoto aseme atakapoweza. Dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi vya Tanzania linadai mambo yale yale. Tunajua askari wanaoidharau kazi hiyo na kuiita ya kike. Wangekubali kuishika walau kwa mwezi mmoja, wangeona kwamba kusikiliza bila kukatiza ni kazi inayochosha kuliko doria ya usiku kucha.

Na lugha je? Agosti 2004 Rwanda ilipeleka Darfur askari 154, wakiwa miongoni mwa wa kwanza wa Umoja wa Afrika kufika huko. Watu waliozoea milima na mvua wakajikuta katika mchanga na joto, miongoni mwa wasemao Kiarabu. Julai 2021 nchi hiyo hiyo ikapeleka askari na polisi 1,000 huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na mwezi uliofuata bandari ya Mocímboa da Praia ikakombolewa. Lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno, ambacho askari hao hawakukijua. Lakini katika pwani ile wengi huelewa Kiswahili, na ndicho kilichowawezesha askari kumwuliza mvuvi njia, kumtuliza mama aliyetoka mafichoni, na kununua samaki bila ya mkalimani.

Kiswahili kiliwahi kuonwa na watu wengi wa Rwanda kuwa lugha ya sokoni na ya mjini, isiyomhitaji msomi. Bunge lao lilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Askari aliyekuwa amejifunza kabla ya hapo, akachekwa kwa matamshi yake, alifika Cabo Delgado na silaha ambayo mwenzake hakuwa nayo. Wazee wetu walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Huko Tanzania, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wenye wajukuu waliingia darasani kushika kalamu kwa mara ya kwanza, na hakuna heshima ya mtu iliyopungua kwa hilo. Sajini wetu tuliyemtaja mwanzoni hana udhuru.

Hatumwambii mtu aache lindo lake akatafute makuu. Kutoka katika mazoea bila matayarisho ni upumbavu tu, na ofisa anayemtupa kijana katika kazi asiyomfundisha, kisha akamwadhibu kwa kushindwa, hamkuzi, bali anamharibu. Anayeanza aanze na lililo karibu: zamu asiyoipenda, kitabu cha sheria alichokiweka kando, swali analoona haya kumwuliza mdogo wake. Akikosea, arudie kesho yake, kama alivyorudia bunduki ile mpaka mikono ikaijua.

Liko pia tofauti kubwa kati ya anayetoka kwa hiari na anayetolewa kwa nguvu, na Mudende inatukumbusha hilo. Walionusurika Desemba 1997 walihamishwa hadi Gihembe, karibu na Byumba, juu ya kilima. Wakajenga tena, wakafungua shule, wakazaa watoto wasiopata kuiona Masisi. Mwaka 2021 kambi ya Gihembe nayo ikafungwa, kwa kuwa mmomonyoko ulikuwa umeukata mlima kwa makorongo marefu, na wakazi wake wakapelekwa Mahama, mashariki ya nchi, kwenye joto, karibu na mto Akagera. Waliotoka Masisi wakiwa vijana walifika Mahama wakiwa watu wazima, wakianza tena kuuliza maji yanachotwa wapi na soko ni siku gani.